Bustani ya mbwa Kolwezi: tumeanza na uzio, tumesahau udongo



Wazo la kutafuta fasi ambapo mbwa wa Kolwezi wanaweza kukimbia bila kamba limechekwa sana kati yetu. Mmoja wetu alilileta pamoja na foto za bustani za mbwa za Ulaya na Marekani: majani mabichi, bomba la maji, benchi chini ya mti. Jibu la kwanza lilikuwa: "Bantu habana na mayi, weye uko unatafutia imbwa bustani?" Jibu la pili likauliza kama mbwa nao watapewa bursi ya masomo. Wengi wakacheka, wakapita.

Mimi naona kicheko hicho ni kivivu. Mbwa wetu hawangoji bustani ili wafunguliwe kamba. Tayari hawana kamba, kila siku, kila kartie. Pita Kapata, pita Luilu, pita Musonoi saa kumi na moja jioni. Kwenye geti la parseli kumeandikwa kwa Kifaransa kwamba mbwa ni mkali, lakini mbwa mwenyewe yuko barabarani, katikati ya batoto wanaotoka kuchota maji na bido kichwani. Mji mzima ni bustani ya mbwa isiyo na geti wala masharti. Kwa hiyo swali ni la kweli, na ukiliangalia vizuri linahusu batoto kuliko linavyohusu mbwa. Ninachokosoa hapa ni namna tulivyoliuliza.

Tulilichukua kutoka kwenye orodha. American Kennel Club, chama kikubwa cha wafugaji wa mbwa cha Marekani, kimeandika maelekezo kwa watu wanaotaka kuanzisha bustani kama hiyo katika mji wao, na pendekezo letu karibu lote limetoka humo. Yanataka ekari moja ya ardhi au zaidi. Yanataka uzio wa waya wenye kimo cha futi 4 hadi 6, na mlango wenye geti mbili zinazofuatana, ili mbwa mmoja akiingia mwingine asitoroke. Kivuli, maji, benchi. Majani yanayokatwa mara kwa mara, na ardhi isiyotuamisha maji. Mapipa yenye vifuniko na vifuko vya kuzolea mavi. Fasi ya kuegesha gari. Kibao cha masharti. Ikiwezekana, mbwa wadogo wawe na upande wao.

Ni orodha nzuri, nasema bila kejeli. Zile geti mbili ni akili ya mtu aliyewahi kukimbiza mbwa barabarani. Kivuli na maji havihitaji maelezo kwa mtu anayejua mwezi wa Septemba hapa kwetu, kabla mvua haijaanguka. Lakini isome tena polepole. Kila mstari unazungumza juu ya kitu kinachokaa juu ya ardhi. Hakuna mstari unaouliza kuko nini chini yake. Mwandishi wa Marekani hakuwa na sababu ya kuuliza. Sisi tunayo, na tumenakili bila kuongeza mstari huo mmoja.

Nianze na uzio, kwa sababu njo kitu cha kwanza katika pendekezo letu.

Kasulo wote tunaijua. Mwaka 2014 mtu mmoja akichimba kwenye parseli yake alikuta heterogenaiti, lile jiwe jeusi lenye kobalti. Baada ya muda kartie nzima ilikuwa mashimo: sebuleni, jikoni, nyuma ya choo. Mwaka 2017 jimbo likaamua sehemu ya Kasulo iwe eneo la uchimbaji wa mikono lenye utaratibu, na madini yanunuliwe na kampuni ya CDM. Wakaaji wakahamishwa, ukuta ukazungushwa. Unaweza kusema mengi mazuri na mabaya juu ya mpango ule, na watu wa Kasulo wenyewe hawakubaliani. Mimi nataka tukumbuke ukuta tu. Katika mji huu, mtu akiona nguzo zinasimikwa kuzunguka ardhi iliyokuwa wazi, haulizi kitajengwa nini. Anauliza ni kampuni gani, na lini tutaambiwa kuhama. Halafu sisi, vijana wenye lisansi, tufike kwenye kartie na mafundi na waya, tuseme, "Mama, msiwe na wasiwasi, ni kwa ajili ya mbwa." Yule mama atatuamini kwa nini?

Mtu atanijibu kwamba huko bustani hizi zilikoanzia hakukuwa na shida ya chini ya ardhi. Hapo njo historia inapopendeza. Bustani ya mbwa inayohesabiwa kuwa ya kwanza Marekani iko Berkeley, California, na ilianza kama jaribio mwaka 1979, ndani ya bustani inayoitwa Ohlone. Ardhi ile iliachwa wazi kwa sababu ya kitu kilichochimbwa chini yake. Shirika la umma la treni la BART lilitaka kupitisha reli juu ya ardhi katika sehemu kubwa ya mji. Wakaaji wakakataa, na mwaka 1966 walipiga kura kukubali kulipa kodi zaidi ili treni ipite chini. Nyumba zilizokuwa njiani zikabomolewa, handaki likachimbwa, likafunikwa. Juu yake kukabaki kipande kirefu kitupu, na wakaaji wakakigombania wee mpaka kikawa bustani.

Kwa hiyo Berkeley nako watu walipoteza nyumba. Tofauti ni kwamba baada ya kuchimba, wenye handaki walifunika, na waliobaki juu wakawa na sauti juu ya kile kilichobaki. Hapa kinachotoka chini hakina mwisho ulioandikwa. Ukitaka mfano, shimo kubwa la upande wa magharibi ya mji linaitwa Mashamba. Jina lenyewe ni neno letu la kawaida, neno la mihogo na mahindi. Leo ukisema unaenda Mashamba, hakuna anayefikiri umebeba jembe.

Na sheria inajua hivyo. Tangu sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, udongo wote ni mali ya Serikali, na sisi tunapewa haki ya kuutumia tu. Hati ya madini ni kitu kingine kabisa, inatolewa peke yake, na inaweza kulala chini ya parseli yako bila wewe kuona karatasi yoyote. Ramani ya kadasta ya madini imegawanywa katika karee, na karee moja ni karibu hekta 85. Piga hesabu: bustani ya mbwa ya ekari moja ni pungufu ya nusu hekta, zaidi kidogo ya nusu ya uwanja wa mpira. Ndani ya karee moja zinaingia bustani 200 na zaidi. Kipimo kidogo kabisa cha wenye migodi kinameza ndoto yetu mara 200, na sisi tulikuwa tunabishana kama geti liwe upande wa barabara au upande wa shule.

Ramani hiyo inaonekana kwenye intaneti. Kwenye telefone inafunguka polepole, lakini inafunguka. Sikuona pendekezo letu likiitaja.

Sasa fasi zenyewe. Zimetajwa nyingi, na nyingine sitapoteza wino. Kandokando ya mashimo ya zamani, hapana. Kila mtu hapa anakumbuka Juni 2019, ardhi ilipoporomoka ndani ya eneo la KCC na wachimbaji wa mikono zaidi ya 40 wakafa. Viwanja vya shule, hapana, watoto wako huko tangu asubuhi. Makaburi mtu aliyataja kwa utani, lakini utani ule una kitu: sheria ya madini inataja makaburi kati ya ardhi ambazo hazikaliwi bila idhini ya mamlaka. Wafu wana ulinzi ambao uwanja wa mpira wa kartie hauna.

Pendekezo lililonisimamisha ni lile la ardhi iliyo chini ya nyaya za umeme mkubwa. Wengi wetu tumekulia chini ya nyaya hizo. Ile laini kutoka Inga, karibu kilomita 1,700, iliyokamilika mwaka 1982, inaishia hapa hapa Kolwezi, na kuko nyingine zinazotoka mabwawa ya Lualaba. Chini yake hairuhusiwi kujenga. Ni kipande kirefu, kiko wazi, kinafanana sana na kile cha Berkeley: ardhi iliyobaki kwa sababu ya kitu kingine. Ukikiangalia kwenye picha ya setilaiti utasema, njo hii.

Lakini nenda kwa mguu, mwezi wa pili, mvua ikiwa bado. Hutaona ardhi tupu. Utaona mahindi, mihogo, matuta ya viazi vitamu, na mama ameinama katikati. Hana hati, ni kweli. Anajua kwamba siku moja watakuja kumwambia atoke. Lakini wale wa siku hiyo wasiwe sisi, na sababu isiwe mbwa. Hapa sina mjadala: fasi yoyote inayotaka kung'oa mihogo ya mtu si fasi inayofaa, hata kama kwenye ramani inaonekana nzuri namna gani.

Kuko jambo lingine la chini ya ardhi, na hili linapanda juu lenyewe: vumbi. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha uchunguzi walioufanya Kasulo. Walipima mkojo na damu za watu wanaokaa katikati ya mashimo, wakalinganisha na watu wa kartie jirani isiyochimbwa. Wa Kasulo walikuwa na kobalti nyingi zaidi mwilini, na waliozidi wote walikuwa batoto. Hawakuwa wachimbaji. Walicheza nje tu, kwenye vumbi, wakaingiza mikono mdomoni. Mbwa anafanya hivyo hivyo: analala kwenye udongo, analamba miguu, halafu anarudi nyumbani na kulala mlangoni kwa mtoto. Maelekezo ya Marekani yanauliza kama majani yatakatwa. Kwetu, kabla ya majani, udongo upimwe. Tuna wenzetu waliosoma kemia na jiolojia wanaokaa bila kazi. Kuchukua vifuko 10 vya udongo kutoka fasi inayopendekezwa na kutafuta maabara ya kuvipima kungekuwa na thamani kuliko mchoro wa bustani wenye rangi tatu tuliotumiwa.

Nifike kwenye kitu kinachonikera zaidi. Katika pendekezo letu, chanjo imewekwa mwisho, kwenye kibao cha masharti: mbwa asiyechanjwa haruhusiwi kuingia. Kwa mtu wa Chicago mstari huo unatosha, kwa sababu huko kuchanja ni desturi na daktari wa mifugo yuko karibu. Kwetu mstari huo njo kazi yote. Kichaa cha mbwa kinaua karibu watu 59,000 duniani kila mwaka kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, karibu wote Afrika na Asia, na karibu wote wameambukizwa na mbwa. Kati ya watu wanaong'atwa na mnyama anayeshukiwa, 40 kwa kila 100 ni watoto chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Lakini kabla ya hapo kinazuilika: kidonda kioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha mtu apelekwe haraka kupata sindano. Na ukichanja mbwa 70 kati ya kila 100 katika mji, ugonjwa unakosa njia ya kupita.

Dakika 15 za maji mengi. Sasa lile jibu la kwanza, "bantu habana na mayi," linarudi, na safari hii si utani. Bomba ndani ya bustani ya mbwa, kwenye kartie ambako watu wanapanga foleni na bido, litakuwa bomba la watu kabla jua halijachomoza, na hivyo njo inavyopaswa. Basi tuseme tangu mwanzo kwamba bomba ni la kartie, na mbwa watakunywa kinachobaki. Mpango unaoficha jambo hilo utavunjwa siku ya pili.

Mtu ataniuliza, sasa unataka nini? Umekataa uzio, umekataa nyaya, umekataa kando ya mashimo.

Nataka tuache kutafuta fasi, tutafute saa. New York ni mji usio na ardhi ya kugawa. Mbali na viwanja vyao vyenye uzio, kuko bustani kubwa za watu wote ambamo mbwa wanaruhusiwa kukimbia bila kamba tangu bustani inapofunguliwa mpaka saa tatu asubuhi, na tena kuanzia saa tatu usiku mpaka inapofungwa, katika sehemu zilizowekwa. Saa zinazobaki, kamba inarudi shingoni na uwanja unarudi kwa watoto. Mwenye mbwa anatakiwa awe na leseni na karatasi ya chanjo ya kichaa. Utaratibu ule ulianza kama mazoea tu, na mwaka 2007 ukaingizwa rasmi kwenye kanuni za mji. Ardhi haikubadilishwa jina, na hakuna aliyehamishwa.

Kolwezi tunavyo viwanja vya mpira vya kartie, vyenye udongo mwekundu na magoli ya miti. Ni fasi wazi ambazo watu tayari wanakubaliana kwamba ni za wote, na makubaliano hayo yana nguvu kuliko hati ambayo hatutaipata. Kuanzia saa kumi na moja na nusu asubuhi mpaka saa moja, siku mbili kwa wiki, uwanja mmoja, mbwa waliochanjwa tu, kila mmoja na mwenye wake, na mavi yazolewe kabla wachezaji hawajafika. Najua kuko timu zinazofanya mazoezi alfajiri, na kuko wanaokata njia uwanjani kwenda kazini. Itabidi tukae nao, tusikilize, labda tutoke na siku moja badala ya mbili. Najua pia kwamba bila uzio mbwa mkali ataleta shida, kwa hiyo mbwa mkali abaki kwenye kamba hata ndani ya saa hizo. Kwa mbwa wa ulinzi aliyefundishwa kuogopesha watu usiku kucha sina dawa, na sidhani kama bustani yenye geti mbili ingekuwa nayo.

Kwenye feza nitapita haraka, maana najua mtalijadili kuliko yote. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inataka kila kampuni itenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii, na asilimia 15 ya mrabaha iende kwa mamlaka za chini, kwetu zikiwemo komini za Dilala na Manika. Pendekezo letu linataka bustani ijengwe kwa ile 0.3. Mimi napinga. Bustani yenye uzio, kibao na utepe wa kukata ni zawadi tamu kwa picha za kampuni. Itahesabiwa, itapigwa foto, na mwaka unaofuata majani yatakuwa yamekauka. Chanjo haina utepe. Kama tunaomba, tuombe chanjo, sanduku la baridi la kuzibebea, na mtu wa mifugo wa kuzichoma, na tuombe kwa komini, ambayo tunaweza kurudi kuiuliza.

Tarehe 28 Septemba ni siku ya dunia ya kupambana na kichaa cha mbwa. Kama barua ikiandikwa mwezi huu kwa komini moja tu, kwa uwanja mmoja tu, kuko muda wa kutosha kupima udongo na kuhesabu mbwa wa kartie hiyo nyumba kwa nyumba. Hesabu hiyo tunaweza kuianza Jumamosi baada ya salongo, watu wakiwa bado wamesimama nje na mafagio. Tutauliza maswali matatu: una mbwa wangapi, wamewahi kuchanjwa, na una kamba? Nadhani kwa swali la tatu wengi watatuletea kipande cha waya wa umeme, na itabidi tuseme kama hicho nacho kinakubalika.